Kina cha Mtaro wa Itulwe

Kadi mpya haikuwa kubwa kuliko kitabu cha nyimbo. Atuganile Mwaipaja aliitoa kwenye mfuko wake wa rangi ya fedha, akaishika kwa kingo tu, akainong'oneza maneno aliyozinong'oneza kadi zote alizowahi kufunga katika miaka yake ya ufundi: "Bwana, kazi hii isimdhuru mtu."

Kisha akafuta ncha ya uzi wa kioo, akaitazama kwenye hadubini ndogo, akaona chembe moja ya vumbi, akafuta tena. Ndipo akaichomeka kadi kwenye kabati la mitambo. Taa yake ikawaka rangi ya chungwa, ikatulia.

Nje ya kituo cha Itulwe ukungu ulikuwa bado umelala juu ya migomba. Ilikuwa saa moja kasoro asubuhi, siku ya Alhamisi.

Kadi za zamani zilikuwa zimetumikia mlima huu kwa miaka ishirini na saba. Ziliuliza mwanga swali moja tu: upo au haupo? Hii mpya iliuliza mengi. Umejipinda wapi njiani? Umechelewa kiasi gani? Umelala upande upi? Kwa sababu hiyo iliweza kubeba katika uzi mmoja mwembamba kuliko unywele mzigo wa mawasiliano ambao kadi arobaini za zamani zilikuwa zikigawana. Ifikapo saa kumi na moja jioni, hospitali ya bondeni, shule na viwanda vya chai vyote vingekuwa juu yake.

Lakini kadi inayouliza mengi husumbuliwa na mengi. Lori likipita juu ya mkongo, yaani ule uzi uliozikwa ardhini, mwanga hutetemeka. Mvua ikipiga, mwanga hutetemeka. Kwa hiyo kabla ya kuanza kazi, kadi hukaa saa moja nzima bila kubeba kitu, ikisikiliza ardhi tu, na kuandika jedwali la kila inachosikia. Baada ya hapo, kila mtikisiko unaofanana na ule wa kwenye jedwali huutambua na kuutupa, kama mtu anayeishi kando ya mto asivyosikia tena maji. Kile isichokitambua hukirekodi. Hukiita "jambo geni", na hukipeleka mjini, Ofisi ya Ustawi.

Atuganile aliipenda kazi hiyo ya kadi. Miaka miwili iliyopita kadi kama hii ilisikia mteremko wa Nsebe ukianza kujongea muda wa saa nne kabla haujaporomoka. Kaya tisini zilishushwa zikiwa hai. Yeye mwenyewe alibeba masufuria ya watu mgongoni siku hiyo, huku akilia kwa shukrani.

Saa moja kamili alibonyeza Sikiliza. Saa mbili kamili kioo cha kabati kikaandika: Jedwali limekamilika. Sehemu moja ina shaka, kilomita ya nne na nusu. Isikilizwe na fundi kabla ya kusaini.

Alivaa hedifoni, akitarajia kijito au ng'ombe aliyefungwa.

Alisikia mwanamke akisali.

"...Baba, jana nimepotea njia ya kwangu mwenyewe. Nimesimama kwenye mgomba nisijue ni wa nani, kumbe ni wangu. Na juzi niliacha moto ukiwaka nikaenda kanisani. Sijamwambia Lugano. Nikimwambia, atawaita wale watu, nami simlaumu, ni mwanangu, anaogopa. Nipe mwaka mmoja tu, Baba. Niwaage watu kwa majina yao ningali nayajua."

Atuganile akaivua hedifoni haraka, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu na kumkuta mtu ndani. Lakini alikuwa ameshasikia. Sauti ile aliijua tangu darasa la nne. Ilikuwa ya Mwalimu Subilaga.

*

Sheria ilikuwa ya nia njema. Mtu yeyote ambaye akili yake imeanza kupoteza njia, Ofisi ya Ustawi ikishajua, huchukuliwa ndani ya siku saba kwenda Nyumba ya Utulivu mjini, kwa usalama wake. Ilitungwa baada ya mzee mmoja kukutwa mtoni amekufa kwa baridi. Vitanda vya huko ni safi, wauguzi ni wapole. Mama yake mdogo Atuganile alikaa huko miezi minane, akafa akiwaita wauguzi kwa majina ya majirani zake wa Itulwe.

Jedwali likisainiwa, sauti ile ingekwenda nalo mjini. Huko mashine zingesoma kila neno, zingejua lilikotoka, na Jumatano ijayo gari jeupe lingepanda mlima.

Alikaa kwenye kiti, mikono magotini.

Jambo la pili lilikuwa zito kama la kwanza. Mkongo hulazwa kina cha mita moja na nusu. Sauti ya mtu haifiki huko. Fundi mwingine yeyote angeshangaa sauti ile imepita wapi. Yeye hakushangaa hata kidogo.

Alikuwa na miaka kumi na tisa walipouchimba mtaro ule kwa sururu. Kazi yake ilikuwa kushika kijiti cha kipimo: mti ulionyooka wa mita moja na nusu, wenye pete ya rangi nyekundu juu. Kila baada ya hatua kumi alikisimamisha mtaroni, pete ikilingana na uso wa ardhi, na msimamizi akapiga picha. Picha ndizo zilizokuwa ushahidi. Walipofika kilomita ya nne na nusu, kwenye Jiwe, lile bapa jeusi ambalo watu wa Itulwe hupanda kusali, sururu zilianza kutoa cheche. Siku sita walichimba, mvua ikawanyeshea, na Krismasi ilikuwa keshokutwa. Msimamizi alimwambia, "Binti, watu wanataka kwenda kwao," kisha akageuka kutazama upande wa pili.

Akachukua msumeno. Akakikata kijiti, kikabaki sentimita hamsini. Akapaka pete upya. Picha arobaini zikapigwa, zote zikapendeza. Kipande kilichobaki alikichochea chini ya birika, wakanywa chai, na chai ilikuwa tamu.

Miaka yote hiyo hakuna aliyeumia kwa ajili ya kijiti kile, kwa kuwa kadi za wakati ule hazikuwa na masikio. Hii mpya ilikuwa nayo.

*

Simu ya kituo ililia. Alikuwa Kitwika, mkuu wa mitambo mjini, kijana aliyempita cheo na kumwachia umri.

"Shikamoo, Mama Atu."

"Marahaba, baba. Umeamkaje?"

"Salama. Naona jedwali lako limeiva, mbona husaini? Au unaliombea kwanza?"

"Lina sauti ya mtu."

"Ya mtu? Chini mita moja na nusu? Mama, hiyo ni mizimu yenu ya huko."

"Mizimu haianzi na 'Baba yetu uliye mbinguni'."

Kitwika akacheka. Hakuwa mtu mbaya. "Sikiliza. Kama hulitaki, lifute, kadi ijifunze upya. Utaandika sababu tu. Kuna mvua, kuna mashine, kuna mifugo. Chagua mifugo. Nani atakwenda kumuuliza ng'ombe?"

Atuganile aliitazama ile orodha kwenye kioo. Kidole chake kilifika hadi kwenye neno mifugo kikasimama hapo. Ilikuwa rahisi, karibu kama huruma. Angefuta, angesikiliza upya wakati Jiwe halina mtu, na sauti ya Mwalimu ingepotea.

Hadi kesho asubuhi. Kwa maana kadi iliyojifunza Jiwe likiwa kimya, siku yoyote mtu akisali pale, ingemwita jambo geni, ikamrekodi, ikampeleka mjini. Mwalimu, na kila atakayekuja baada yake.

"Kitwika," alisema. "Mjini kule, mitaro ya juujuu chini ya masoko, mnafanyaje?"

"Kule tunaifundisha kadi sauti za watu. Tunaiacha isikilize soko likiwa limejaa. Watu elfu wakisema pamoja, haiwezi kushika neno la mtu yeyote, inashika mvumo tu. Baadaye mtu yeyote akisema pale inamhesabu kama upepo, inatupa. Ni kanuni ya zamani. Lakini ruhusa hiyo ni ya mtaro usiofika kina, mama. Wako umeandikwa mita moja na nusu. Picha ninazo hapa, arobaini. Kijiti kimesimama vizuri kabisa."

"Naam," alisema Atuganile. "Kilisimama vizuri."

"Na ukikiri kasoro kwenye njia yako, daraja lako la kwanza la ufundi haliandikwi hadi njia itengenezwe. Umelisubiri miaka kumi na moja. Mimi ndiye niliyekuandalia cheti, kiko mezani hapa. Kinasubiri jedwali hili tu."

"Nipe mpaka saa kumi na moja."

"Mama Atu..."

"Mpaka saa kumi na moja, baba."

*

Alipanda na pikipiki ya kituo, polepole kwa sababu ya utelezi. Mwalimu Subilaga alikuwa kibarazani akipukuchua maharage. Kila kitu pale kilikuwa na karatasi iliyobandikwa, kwa mwandiko ule ule uliokuwa ubaoni zamani: Chumvi. Mlango wa nyuma. Zima moto.

"Karibu, Tumwimike," alisema Mwalimu.

Tumwimike alikuwa dada yake Atuganile, marehemu.

"Ni Atuganile, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Ndiyo, Atuganile. Ulikuwa ukiandika herufi zako zimelala kama zimelewa." Akamsogezea kigoda. "Umekuja na buti za kazi. Kuna kitu kimeharibika?"

Atuganile alikuwa amejipangia maneno njia nzima. Yote yalimtoka kichwani. "Mwalimu, nimekusikia asubuhi. Kule kwenye Jiwe. Sikukusudia. Ni mkongo."

Mikono ya mama yule ikasimama juu ya maharage.

"Ulisikia mpaka wapi?"

"Mpaka kwenye majina ya watu."

"Basi umesikia yote." Mwalimu akatazama bondeni. Hakulia. Ganda moja lilimponyoka, akalifuata kwa macho hadi lilipoishia. "Na wengine wamesikia?"

"Bado. Naweza kuzuia. Lakini nitahitaji watu wengi pale juu, wapaze sauti saa nzima. Na nitahitaji kuandika jambo. Mkongo unasikia pale kwa sababu mtaro hauna kina cha kutosha. Hauna kina kwa sababu nilikikata kijiti cha kipimo. Nilikuwa msichana. Hakuna anayejua."

Mwalimu alimtazama kama alivyomtazama mtoto aliyeleta daftari lenye kurasa zilizochanwa.

"Ulikikata kwa nini?"

"Ilikuwa karibu Krismasi."

Mwalimu akacheka. Alicheka hadi maharage yakatetemeka kwenye ungo, na Atuganile, bila kutaka, akacheka naye.

"Mwanangu," alisema Mwalimu alipotulia, "usiniwekee mimi mzigo huu. Kama unaandika kwa ajili ya kuniokoa, siku nikishasahau jina lako utajuta. Kama unaandika kwa sababu ni kweli, andika. Nilikufundisha kuandika. Herufi zisimame tu safari hii."

"Na wewe, Mwalimu? Moto ule uliouacha?"

"Hilo langu. Jumapili nitamwambia Lugano. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, akiwa ameketi hapo ulipo. Akitaka kuja kukaa nami, aje. Akiwaita wale, watanikuta nimefunga mizigo yangu mwenyewe. Ninachoomba ni kusema mimi, nisisemewe na waya."

*

Kila Alhamisi saa tisa akina mama wa Itulwe hupanda kwenye Jiwe kusali. Siku hiyo walikuwa thelathini na wanne, wamejifunga vitenge viunoni, gambuti miguuni. Wao hawasali kwa zamu. Kiongozi akishasema "kila mtu na mzigo wake", wote hufungua vinywa pamoja, kila mmoja na maneno yake, na mgeni anayewasikia mara ya kwanza hudhani ni maporomoko ya maji. Kwa kawaida huchukua dakika kumi hivi.

Kiongozi wao, Mama Bupe, alimsikiliza Atuganile hadi mwisho akiwa ameshika kiuno.

"Nikuelewe vizuri, fundi. Waya huu unasikia."

"Tangu leo asubuhi. Kadi ya zamani ilikuwa kiziwi."

"Kwa hiyo Alhamisi iliyopita nilipomsema mume wangu hapa..."

"Haikusikia."

"Asante, Yesu," alisema Mama Bupe, na wenzake wakaangua kicheko. "Na leo nikimsema?"

"Leo mkisema wote pamoja haitashika neno la mtu. Itashika mvumo. Ikishaujua, haitawasikiliza tena hapa, wala watoto wenu. Ardhi ikijongea itasikia. Watu, hapana. Lakini nataka mkubali wenyewe. Asiyetaka, ashuke, sitamwuliza kitu."

Hakuna aliyeshuka. Mama mmoja mwembamba aliyekuwa nyuma akauliza, "Kwa nini hapa tu? Mbona kwangu barabarani hausikii?"

Mwalimu Subilaga alikuwa amekaa pembeni kwenye kigoda chake, akitazama vidole vyake mwenyewe.

"Kwa sababu hapa ni sentimita hamsini," alisema Atuganile. "Inatakiwa mita moja na nusu. Nilidanganya kipimo. Mnisamehe."

Mama Bupe akashusha mikono kutoka kiunoni.

"Kumbe ndiyo maana kila nikipanda viazi pale chini jembe linagonga bomba," alisema. "Nikadhani ni mizizi. Haya, fundi, saa nzima umesema? Sisi tukianza, kazi yako itakuwa kutunyamazisha."

Atuganile alifungua kibao chake cha kazi, kilichounganishwa na kadi kule kituoni, akainama dhidi ya upepo, akajaza fomu. Penye nafasi ya sababu hakuchagua katika orodha. Aliandika: Mtaro wa kilomita ya nne na nusu, urefu wa mita mia nne, una kina cha sentimita hamsini. Kijiti cha kipimo nilikikata mimi. Akatia jina lake lote.

Simu ikalia kabla hajafunga kibao.

"Mama," alisema Kitwika kwa sauti ya chini. "Sentensi ya kwanza inatosha kupata ruhusa. Hii ya pili nimeisoma mara mbili. Niifute?"

"Iache."

"Msimamizi wako amekufa siku nyingi. Angeweza kubeba lawama yeye."

"Hakukata yeye, baba. Iache."

"Kiangazi itabidi mtaro uchimbwe upya. Kwa mkono, mashine haifiki huko. Daraja litasubiri."

"Nitakuja na sururu yangu."

Ruhusa ikaingia, alama ya kijani. Jedwali la asubuhi likafutika, na sauti iliyokuwa ndani yake ikaenda nalo. Atuganile akabonyeza Sikiliza, akainua mkono.

"Kila mtu na mzigo wake!" alisema Mama Bupe.

Jiwe likanguruma. Wengine walipiga magoti, wengine walitembea huku na huko wakipiga makofi, mmoja alilala kifudifudi akisema na mwamba. Atuganile alivaa hedifoni sikio moja. Ilikuwa kama mvua kubwa juu ya bati. Alimtafuta Mwalimu humo ndani. Alimwona kwa macho, midomo ikienda, kichwa kimeinama, hatua tano tu kutoka alipo. Masikioni hakumpata.

Akavua hedifoni, akaiweka kwenye nyasi. Naye akafungua kinywa. Alichosema hakijulikani, kwa kuwa hakuna aliyesikia, si mwanadamu wala mkongo.

*

Saa kumi na nusu kibao kiliandika: Jedwali limekamilika. Sehemu zenye shaka, hakuna. Alisaini. Kule kituoni taa ya chungwa ikageuka kijani, na mzigo wa bonde zima ukapanda juu ya uzi mmoja bila kishindo chochote. Watu wa hospitalini hawakujua. Wa viwandani hawakujua. Ndivyo kazi hii inavyokuwa ikifanywa vizuri.

Akina mama walishuka wakiimba, sauti zimewakauka. Atuganile alibaki nyuma akamshika Mwalimu mkono kwa sababu ya utelezi. Waliteremka taratibu, kigoda begani.

Katikati ya njia Mwalimu alisimama akamtazama usoni, kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyemsaidia.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

"Ni Atuganile, Mwalimu. Atuganile Mwaipaja. Nilikuwa mshika kijiti."

Uso wa Mwalimu ukatafuta, ukatafuta, kisha ukafunguka wote.

"Aa," alisema. "Yule aliyekikata. Akasema."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Haya, twende. Polepole hapo."

Chini yao, kwa kina cha sentimita hamsini, mwanga uliokuwa ukipita ulizisikia nyayo zao na maneno yao, ukayatambua kuwa ni ya watu, ukayaacha.